Siku ya Tatu Mpe Jembe: Kumbi za Mitaa na Heshima ya Mhitaji

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na aghalabu tumeifasiri kama walimu wetu walivyoifasiri: kwamba mgeni asijisahau akadhani atalishwa milele. Binafsi nimeitungia insha zisizopungua tatu, na katika kila insha mgeni wangu alikuwa mzembe aliyeishia kufunga virago kwa aibu. Leo, kwa idhini yako mpenzi msomaji, ningependa kuzikana insha hizo. Nimekuja kuamini kwamba jembe linalotajwa katika methali hii halikukusudiwa kumfukuza mtu. Anayekabidhiwa jembe amekabidhiwa pia sehemu ya shamba, nafasi katika safu ya walimaji, na haki ya kuketi jioni mbele ya sinia pamoja na wengine bila ya kuinamisha uso. Yule aliyenyimwa jembe akaendelea kupakuliwa chakula siku ya nne, ya kumi na ya mia, huyo ndiye aliyebaki mgeni.

Imani hii sikuipata darasani. Nilizaliwa na kulelewa katika mtaa mmoja wa Eastlands jijini Nairobi, hatua chache kutoka kwa jengo ambalo sote tuliliita 'soshol'. Jina lenyewe ni la Kiingereza lililokatwa mkia, na katika karatasi za serikali jengo hilo huitwa ukumbi wa kijamii. Asubuhi za siku za kazi watoto wadogo walifunzwa humo kuhesabu. Alasiri vijana walirushiana ngumi zilizovikwa glavu. Jumamosi akina mama walikutana kwa chama chao. Na msiba ulipotokea, humo ndimo zilimochangwa fedha za kusafirisha maiti hadi nyumbani. Wazee walicheza drafti kwenye kivuli cha ukuta wa magharibi, nao walijua nani amepata kazi, nani amefutwa na nani hajaonekana kwa siku mbili. Kwa hakika ilikuwa vigumu mtu kulala njaa katika mtaa ule pasipo mcheza drafti mmoja kujua.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kumbi za namna hii ziliwafaa wahitaji kuliko misaada mingi inayopigiwa debe, kwa sababu ziliwageuza wahitaji kuwa wenyeji. Aidha, ninadai kwamba tunapozifunga kwa kufuli na kuzifanya vyumba vya kukodisha, tunapoteza kitu ambacho hakuna hundi iwezayo kukinunua tena.

Lugha yetu inalijua jambo hili, na sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kuisikiliza. Kituo ni nomino inayotokana na kitenzi tua, yaani kuushusha mzigo kutoka kichwani au mabegani. Kwa mintarafu hiyo, kituo cha jamii ni mahali ambapo jamii hutua mizigo yake. Na ajuaye kubeba mtungi wa maji anajua kwamba kuutua kwahitaji mtu wa pili wa kuupokea. Mwenyeji naye ni mwenye mji. Neno halikusema kwamba mwenyeji ni mkazi wa mji, wala mpangaji wa mji, wala mtu anayehudumiwa na mji. Limesema mwenye. Ndipo ninapoona kwamba anayetaka kumsaidia mtu aliyekuja mjini bila kitu anapaswa kujiuliza ni lini mtu huyo ataanza kuwa mwenye. Isitoshe, majumba ya kale ya miji ya Lamu na Mombasa yalijengewa baraza nje ya mlango, mahali pa mtu kuketi na kuzungumza kabla hajakaribishwa ndani, na ni neno lilo hilo ambalo leo tunaliita Baraza la Mawaziri. Kutoka benchi la mawe hadi serikali kuu si safari ndefu katika lugha yetu.

Hata hivyo, historia ya kumbi za Nairobi haikuanza kwa nia njema, na itakuwa unafiki kuificha. Serikali ya kikoloni iliwahesabu Waafrika wa jiji hili kuwa vibarua wa kupita: waje, wafanye kazi, kisha warejee makwao. Mtaa wa Pumwani ulipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya pamoja watu waliokuwa wametawanyika katika vijiji vya awali kama vile Pangani na Maskini. Ukumbi wa Kumbukumbu wa Pumwani ulijengwa katika muongo huohuo kwa ajili ya Waafrika waliopoteza maisha yao katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vita ambavyo wapagazi wake walituachia jina la Kariokor. Katika miaka ya 1940 ukafuata mtaa wa Kaloleni, uliojengwa kwa nguvu za mateka wa vita wa Kiitaliano, nao ukapewa ukumbi wake. Maafisa wa ustawi wa jamii walitaraji kwamba chai, dansi na michezo vingemshughulisha Mwafrika asije akashughulika na mambo makubwa zaidi. Waafrika walikunywa chai, wakacheza dansi, na siasa wakaifanya humohumo. Kabla ya uhuru wa mwaka wa 1963, wanasiasa walioutikisa utawala wa kikoloni, Tom Mboya akiwa mmoja wao, walihutubia umati katika ukumbi wa Kaloleni. Aliyejengewa kizimba alikifanya jukwaa.

Jambo ambalo hukumbukwa kwa nadra ni lugha iliyotumika katika kumbi hizo. Mluo, Mkamba, Mkikuyu, Mluhya, Mnubi na Mswahili wa kutoka pwani walijikuta kwenye benchi moja, na walipotaka kuchangia mazishi au kubishana juu ya ada ya chama, walibishana kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kila namna, na mwalimu wangu wa sarufi angekitia kalamu nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini kilitosha kumwezesha mtu kusema 'sisi' akimaanisha watu asiochangia nao kabila. Katika somo la isimujamii tumechora vielezo vingi vya lugha ya mawasiliano mapana. Sikumbuki kielezo hata kimoja kilichochorwa benchi.

Sasa naomba nirudi katika ukumbi wa mtaa wetu, kwa maana huko ndiko nilikoiona methali yangu ikitenda kazi.

Mwaka wa 2015, nikiwa darasa la tano, alihamia katika ploti yetu mama mmoja kutoka pande za Busia. Alikuwa na mwana wa miaka saba mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hakuweza kutembea wala kuketi bila ya kuegemezwa. Mumewe alikuwa ametangulia Nairobi kutafuta kazi, kisha simu yake ikazimika, na mpaka leo sijui kama aliwahi kuiwasha. Akina mama wa chama cha Jumamosi walimsikia kutoka kwa wacheza drafti. Walimpelekea unga, godoro na mchango wa kodi ya mwezi wa kwanza, kisha wakamkaribisha ukumbini. Mama yangu mzazi alikuwa katika chama hicho, nami nilikuwa mchukuzi wake wa sufuria, kwa hiyo niliyaona haya kwa macho yangu. Jumamosi ya kwanza mgeni wetu aliketi karibu na mlango, mtoto mapajani, akapokea alichopewa kwa mikono miwili bila ya kuinua macho. Jumamosi ya pili ikawa vilevile.

Jumamosi ya tatu mwenyekiti wa chama, bibi kizee ambaye watoto wote tulimwita Nyanya, alisimama akamwambia, "Mwanangu, hapa hatuna mgeni wa wiki tatu. Chai wajua kupika?"

Mgeni akasema anajua.

"Basi zamu ya Jumamosi ijayo ni yako. Katibu, andika jina."

Mama yangu alirudi nyumbani akiwa amekasirika. Alisema si utu kumpa mtu mzigo juu ya mzigo, kwamba mwenye mtoto kama yule anafaa kupumzishwa na kutunzwa. Nadhani wengi wetu tungesema vivyo hivyo, na ndiyo sababu ninakisimulia kisa hiki. Jumamosi iliyofuata yule mama alifika saa moja kabla ya wenzake. Alikuwa na jiko la makaa, birika la kuazima na tangawizi aliyoinunua kwa pesa zake. Mtoto aliwekwa kwenye mkeka pamoja na watoto wa shule ya chekechea. Chai ilisifiwa. Baada ya kuigawa hakurudi karibu na mlango. Aliketi alipofika, katikati ya watu, kwa sababu mtu aliyetoka kukumiminia chai hukosi kumsogezea kiti.

Mwezi wa pili aligombana na katibu kwa ajili ya nusu kilo ya sukari ambayo haikuonekana katika hesabu. Siku hiyo mama yangu aliingia nyumbani akicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa amefika," akasema. Mwaka uliofuata yule mama alichaguliwa kuwa mweka hazina. Wanachama wenzake walipeana zamu ya kumpeleka mtoto kliniki, naye akapeana zamu ya kuwalea wa kwao. Mabondia wa alasiri walimzoea kijana yule, wakawa wanamketisha juu ya meza iliyoegemea ukuta awe refa wao. Akicheka, raundi imekwisha. Sijaona daktari akiiandika dawa hiyo, lakini niliona ikifanya kazi.

Mnamo mwaka wa 2018 ukumbi ulipakwa rangi. Tulifurahi sana. Kisha ukawekewa lango jipya, kufuli, na ubao wa bei: kiasi fulani kwa harusi, kiasi fulani kwa mikutano, na amana juu yake. Ada ya kikao kimoja ilikuwa kubwa kuliko jumla ya mchango wa chama kwa wiki. Ofisi iliyohusika iliwapokea akina mama kwa heshima, ikawaambia watoe barua ya kuomba kupunguziwa, na barua hiyo inasubiri jibu hadi sasa ninapoandika. Chama kikahamia sebuleni kwa wanachama, kwa zamu. Sebule za mtaa wetu hazipokei watu ishirini, sembuse mkeka wa mtoto. Hatimaye kikahamia katika simu, kwenye kundi la mtandao ambamo michango hutangazwa na pole hutolewa kwa picha ya mishumaa. Mweka hazina wetu alikuwa na simu ya aina ya mulika mwizi, ambayo haikuweza kuingia katika kundi hilo. Mtu alijitolea kumwarifu. Pengine alimwarifu mara kadhaa.

Katika mwaka wa 2020, wakati wa korona, alihama. Hatukumuaga, kwa kuwa hatukujua. Tuligundua kwamba ameondoka tulipoona mpangaji mpya akianika nguo.

Silisimulii hili ili kumlaumu mtu fulani. Ninalisimulia kwa sababu hakuna mahali popote ambapo hasara hii imeandikwa. Katika vitabu vya hesabu, ukumbi ulioleta senti chache sasa unaleta maelfu. Mtu aliyepoteza mahali pa kutua mzigo wake hana safu katika kitabu hicho.

Kuna ithibati nyingine kwamba kumpa mtu jembe ni kumpa heshima, na hii inajulikana hata nje ya mipaka ya nchi. Mwaka wa 1987 kulianzishwa katika mtaa wa Mathare chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kama MYSA. Mwanzilishi wake, Bob Munro kutoka Kanada, aliwaona watoto wakicheza kandanda kwa mpira wa matambara na karatasi za plastiki. Ingalikuwa rahisi kugawa mipira na kuondoka. Badala yake, chama kiliweka sharti: timu zisafishe mtaa, zizoe taka na kuzibua mitaro, na kazi hiyo iziletee pointi katika jedwali la ligi. Hebu fikiri. Timu iliweza kupanda au kushuka kwa sababu ya mtaro. Mtoto ambaye jiji lilimwona kuwa sehemu ya uchafu wa Mathare akawa ndiye anayeupa mtaa huo usafi wake, na jambo hilo likaandikwa kwa wino penye alama za mabao. Kutoka humo ilichipuka Mathare United, klabu iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka wa 2008. Wengi hukumbuka kombe. Mimi hukumbuka mtaro.

Huenda msomaji akauliza: je, serikali haiwasaidii wahitaji moja kwa moja siku hizi? Inawasaidia, na ni haki kuipongeza. Chini ya mpango wa Inua Jamii, wazee waliotimiza umri wa miaka 70 hutengewa shilingi 2,000 kila mwezi, na mayatima pamoja na watu wenye ulemavu mkubwa wana fungu lao pia. Pesa hizo hununua unga na dawa, na mzee aliyezipata hategemei huruma ya mkaza mwana. Sitaki kusikika kama anayebeza shilingi 2,000. Waliozibeza ni wale ambao hawajawahi kuzikosa. Lakini pesa huingia katika akaunti kimyakimya. Haziulizi kwa nini mzee hakushuka ngazi tangu Jumatatu. Hazimwambii kuwa amekosea katika drafti. Hazimpi zamu. Mtu anaweza kupokea pesa hizo kila mwezi na asitajwe jina lake na kinywa cha binadamu mwaka mzima. Mpango kama huo na ukumbi wa mtaa havishindani. Kila kimoja kinafanya lile ambalo kingine hakiwezi, na kosa letu ni kudhani kwamba cha kwanza kinatutoshelezea cha pili.

Wapo pia watakaosema kwamba makanisa na misikiti inaifanya kazi hii tayari. Ni kweli, na mafuriko ya mwaka wa 2024 yalipowahamisha watu kandokando ya Mto Mathare, nyumba za ibada zilikuwa miongoni mwa malango yaliyofunguliwa. Huko Pumwani, Kituo cha Jamii cha St. John's, kilicho chini ya Kanisa la Kianglikana, kimekuwepo tangu miaka ya 1950. Sina ugomvi na wema huo. Ila mtaa una watu wa dini zote na wasio na dini, na mtu anapaswa kuwa na mlango mmoja ambao hahitaji kuulizwa anasali wapi kabla hajaketi. Mlango huo ni wa umma. Kama si ukumbi wa mtaa, sijui ni upi.

Pingamizi iliyo nzito zaidi ni ya fedha. Paa huvuja, mlinzi hulipwa, taa huwaka, na fedha hizo lazima zitoke mahali. Ninakubali. Wala sidai kwamba harusi zisilipishwe. Aliyekodi magari kumi ya msafara hatashindwa na ada ya ukumbi. Ninachokidai ni kwamba vikundi vya mtaa vitengewe saa zao bila malipo, na saa hizo ziandikwe kwenye ubao uleule wa bei, kwa rangi ileile, ili mlinzi asiwafukuze watu kwa kutojua. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti majukumu ya utamaduni, burudani na huduma za umma, na imetaja waziwazi maktaba pamoja na vifaa vya michezo na utamaduni. Majukumu ni neno la Katiba. Mtu hutimiza jukumu, halikodishi.

Fauka ya hayo, kuna nchi iliyo karibu zaidi nasi kuliko kaunti, nayo ni chuo hiki. Kila mwaka vyama vya wanafunzi, chetu kikiwemo, hufanya ziara ya hisani. Tunachanga, tunanunua unga, mafuta na sabuni, tunakodi basi, tunapiga picha, tunarudi. Nimeshiriki ziara mbili. Katika ile ya pili mtoto mmoja aliniuliza kama sisi ndio tuliokuja mwaka uliopita au ni wengine, na nikashindwa kumjibu, kwa sababu mwaka uliopita nilikuwepo na sikumkumbuka. Sisi tulikuwa wageni wa siku moja, na kwa hesabu ya wahenga hatukuwahi kuifikia siku ya tatu.

Tunalo jembe letu, na ni la kalamu. Likizo iliyopita niliketi siku mbili nje ya ukumbi wa mtaa wetu wakati fomu za basari zilipokuwa zikitolewa. Fomu yote ilikuwa kwa Kiingereza, licha ya kwamba kifungu cha 7 cha Katiba kimekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wazazi waliokuwa wamesimama kwenye foleni walikuwa watu wenye akili timamu, wafanyabiashara wanaoweza kukokotoa faida ya gunia la viazi bila ya kikokotoo. Lakini nyanya mmoja anayemlea mjukuu yatima alikuwa ametia sahihi yake mahali palipokusudiwa kuonyesha kwamba mzazi amefariki. Alidhani ni mahali pa mlezi. Fomu ingepelekwa hivyo, marehemu angekuwa ametia sahihi, na mtoto angekosa karo pasipo mtu kuelewa sababu. Nilimtafsiria, tukaanza upya kwa fomu nyingine. Nilipomaliza nilikuta watu kumi na mmoja wakiningoja.

Siku ya pili nilipewa kiti, na mchana nikaletewa chai. Nilipoulizia ni ya nani niilipie, mama aliyeileta alinijibu kwamba ni zamu yake.

Ndiyo sababu naandika katika jarida hili na si katika gazeti. Kamati ya ukumbi mmoja ulio karibu na chuo, ambao bado haujawekewa ubao wa bei, imekubali kutupa meza kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba. Tutasoma na kujaza fomu, tutaandika barua za maombi, na tutawafafanulia watu kwa Kiswahili yale wanayotakiwa kutia sahihi. Kamati haikutaka kodi. Imetaka tu kwamba majina yetu yaingizwe katika orodha ya kufagia ukumbi kama ya kikundi kingine chochote, na zamu yetu ya kwanza ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa moja asubuhi. Yanahitajika majina sita. Mpaka sasa ninayo manne, na fagio zipo hukohuko.